Nani Alichagua Picha Hizi?

Mkazi wa Katindiuka, hapa Ifakara, akitaka kuona maonyesho ya sanaa za kisasa, safari yake ni ya Dar es Salaam. Wachoraji na wasusi Bonde la Kilombero linao. Anayekosekana ni mratibu wa maonyesho: mtu wa kupita kwa wasanii akitazama kazi, achague chache, azipange ukutani mpaka zielewane, aandike maelezo yake, kisha ahangaikie fedha za taa na usafiri.

Afrika Mashariki kazi hii haikuanzia maofisini. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, alifungua jumba la sanaa la Kibo kijijini kwao, miteremkoni mwa Kilimanjaro, katika miaka ya 1960. Hakuona kwamba picha lazima zikae mjini. Mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, wachoraji na waandishi wakapata pa kukutana. Moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa humo. Kuorodhesha na kutunza nako ni jukumu la mratibu, ingawa hakuna anayempigia makofi kwa hilo.

Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972, na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll akiwa mstari wa mbele. Humo ndimo alimoajiriwa George Lilanga, Mmakonde kutoka Masasi, kwanza kama mlinzi. Alipoonyesha alichokuwa anachonga, akaingizwa miongoni mwa wasanii. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa Washington, Marekani. Angekosa wa kumtazama, pengine angelinda geti mpaka uzeeni.

Tanzania ilipata banda lake la kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2024, likiratibiwa na Mwitaliano, Enrico Bittoto. Sina ugomvi naye. Ila nchi iliyomtoa Njau ilipaswa kuwa na waratibu wake wa kutosha.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara isingoje jumba la makumbusho. Itenge ukumbi mmoja wenye kuta safi, impe kijana mwenye jicho nauli ya kuzunguka Mang'ula, Kidatu na Mlimba, na imwachie uhuru wa kuchagua.