KUKU ANAYEATAMIA NA MASHINE: HISTORIA YA KUTOTOA VIFARANGA

Ndugu mfugaji, bila shaka unamfahamu kuku wako anapoanza kuatamia. Hatoki kiotani, anajitutumua manyoya, na ukimsogezea mkono anakudonoa. Watu wengine humfukuza, wengine humwagia maji baridi, eti anapoteza muda wa kutaga. Leo nataka tuzungumze habari za kuku huyo tangu zamani, maana historia yake ina somo kwako na kwangu.

Kuku wote wa kufugwa, wa kienyeji na wa kizungu, asili yao kubwa ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kuku-mwitu huyo hutaga mayai machache, kisha huyaatamia. Huko Thailand, mahali paitwapo Ban Non Wat, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata mifupa ya kuku wa kufugwa ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Yaelekea kuku hao walivutwa na nafaka za wakulima. Kutoka Asia kuku walienea kwa njia za nchi kavu na za baharini. Hapa kwetu mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu, mji wa kale wa biashara kisiwani Zanzibar. Safari yote hiyo hakuna aliyebeba mashine. Mashine ilikuwa kuku mwenyewe.

Sasa basi, nani wa kwanza kumwondoa kuku juu ya mayai? Wamisri wanasifika sana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Aristotle aliandika kwamba huko Misri mayai huanguliwa kwa kufukiwa katika marundo ya samadi. Baadaye Wamisri walijenga matanuri ya matofali ya udongo, yenye ujia katikati na vyumba pande zote mbili. Mayai yalipangwa chini, na moto wa samadi kavu na mabua uliwashwa juu. Vipimajoto havikuwapo. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, akajua kama joto limezidi au limepungua. Mafundi mashuhuri walitoka kijiji cha Berma. Inasimuliwa kwamba mapatano yao na wenye mayai yalikuwa hivi: kwa kila mayai 3, fundi arudishe vifaranga 2.

Mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo, naye akajaribu kutotoa vifaranga kwa joto la samadi, akitumia kipimajoto. Mwaka 1879, huko Petaluma, California, Lyman Byce alitengeneza mashine ya kutotolesha iliyotumika kwa biashara, na mji ule ukawa mashuhuri kwa mayai. Tena ikatumika siri moja ya kifaranga: kabla ya kuanguliwa, hufyonza tumboni kiini cha yai kilichobaki, na kiini hicho humlisha siku 2 hata 3. Ndiyo sababu posta ya Marekani, mwaka 1918, ilikubali kusafirisha vifaranga wa siku moja.

Lakini ndugu mfugaji, angalia kilichofuata. Kuku akiatamia huacha kutaga. Wenye mashine hawakutaka hasara hiyo, wakawa wanachagua kwa uzazi kuku wasioatamia. Mpaka leo kuku wa mayai kama Leghorn ni nadra kuatamia. Huyo ukimleta kijijini hapana budi umletee na mashine, na chakula cha kununua, na umeme.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapo. Nilipokuwa mgeni kazini nilimshauri mama mmoja apeleke mayai yake 60 kwenye mashine. Zikiwa zimebaki siku chache, umeme ulikatika usiku kucha na hakuna aliyeamka. Walitoka vifaranga 11, mengine yote viza. Mama yule hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kuku wangu hakatiki umeme." Nilikosa la kujibu.

Je, maana yake mashine ni mbaya? La hasha. Lakini mashine hutotoa tu, hailei. Hebu hesabu nyumbani kwako: kuku aliyetotoa vifaranga 10, baada ya miezi 2 amebaki na wangapi? Mara nyingi ni 3 au 4. Wengine wamechukuliwa na mwewe na kicheche, wengine wamekufa kwa mvua na baridi, na mdondo umemaliza waliosalia. Kwa hiyo hasara yetu kubwa haiko kwenye kutotoa, iko kwenye kulea.

Basi mtumie kuku wako kwa akili. Kuku wa kwanza akianza kuatamia, mwachie yai moja la kuchemsha alilalie huku ukiwangoja wenzake. Wakifika watatu, wawekee wote mayai jioni moja, 10 hadi 12 kila mmoja. Chagua mayai masafi, yasiyo na ufa, yasiyozidi wiki 2. Andika tarehe kwa penseli. Siku ya 21 wataangua pamoja. Usiku wape kuku wawili vifaranga wote, wa tatu arudi kutaga. Wiki 4 za mwanzo walezi na vifaranga wakae ndani ya tenga au banda dogo, wapate pumba, dagaa waliosagwa, majani mabichi na maji safi. Kisha watenganishe na mama zao.

Na mdondo je? Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1926, huko Java na Newcastle, Uingereza. Kwa miaka mingi chanjo zake ziliharibika upesi kwa joto, hazikufika vijijini. Ndipo Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kikatayarisha chanjo ya I-2 inayovumilia joto zaidi, na sasa hutengenezwa hapa nchini. Ni tone moja katika jicho, kuku mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi 3. Isianikwe juani, na haimponyi kuku aliyekwisha ugua. Patana na majirani mchanje siku moja, mkimwita afisa mifugo wenu.

Ndugu mfugaji, wenzetu walitumia miaka mingi kutafuta kitu cha kufanya kazi ya kuku anayeatamia. Wewe unaye uani. Usimmwagie maji. Mpe mayai mazuri, kisha wewe umsaidie kulea.