Nafuu ya ushuru kwa wanaolipia jamaa bima ya afya

MKAZI wa Kenya anayemlipia mwenzi wake wa ndoa au mtoto wake bima ya afya ana haki ya kupunguziwa ushuru wa mapato, mradi bima hiyo iwe ilianza Januari 1, 2007 au baadaye.

Nafuu hiyo ni asilimia 15 ya malipo ya bima, bila kuzidi Sh60,000 kwa mwaka. Huondolewa kwenye ushuru wenyewe, si kwenye mshahara. Aliyelipa Sh80,000 kwa ajili ya mkewe na watoto, kwa mfano, hupunguziwa ushuru wa Sh12,000.

Mchango wa Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) una utaratibu wake. Tangu Desemba 27, 2024, mchango huo wa asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa kwanza, kisha salio ndilo hutozwa ushuru.

Tatizo ni wazazi. Sheria inamtaja mlipaji mwenyewe, mwenzi wake na mtoto wake pekee. Anayemlipia mama yake mzee, tena kwa gharama kubwa kwani bima ya wazee huwa ghali, hapati nafuu yoyote kwa malipo hayo. Iwapo mama na watoto wamo katika bima moja, ni heri kuiomba kampuni itenganishe malipo ya kila mmoja.

Mwajiriwa humkabidhi mwajiri cheti cha bima ili nafuu ihesabiwe kila mwezi. Aliyekosa kufanya hivyo huidai anapowasilisha ripoti yake ya ushuru, kabla ya Juni 30 kupita.