Kanga, Kwale na Ardhi ya Umma katika Pwani ya Tanga

Katika pwani ya Tanga usasi haukuwa mchezo wa matajiri, wala haukuwa kazi ya mtu mmoja. Ulikuwa shughuli ya jamaa, na ulikuwa na majira yake. Masika yalipokwisha, mavuno yalipoingia ghalani na nyasi za nyika zilipoanza kukauka, kanga waliokuwa wametawanyika wawili wawili wakati wa kutaga walirudi kukusanyika makundi makundi, na makinda ya kwale yalikuwa yamekwisha kupata nguvu ya kuruka. Hapo ndipo wazee na vijana walipotoka pamoja, na mbwa wao, nyavu zao, tanzi zao na pinde zao. Waswahili husema msasi haogopi miiba. Kwa hakika miiba ndiyo iliyokuwa taabu ndogo kuliko zote. Taabu kubwa ilikuja baadaye, nayo ilikuwa swali: nyika ni ya nani, na ndege aliye nyikani ni wa nani? Historia ya usasi katika nchi hii ni historia ya majibu yaliyotolewa kwa swali hilo, zama baada ya zama.

Ndege wenyewe ni wengi, na lugha imewahifadhi kila mmoja kwa jina lake. Yuko kanga wa nyikani, ambaye madoa yake yasemekana kuwa asili ya jina la nguo ya wanawake. Yuko kororo mwenye kishungi, akaaye msituni. Yuko kwale, ambaye jina lake li katika mji wa Kwale upande wa pili wa mpaka. Na wako kereng'ende na tombo. Hao wote ni wa ukoo mmoja na kuku. Kwa Mwislamu, ndege aliyenaswa hai aliwahi kuchinjwa, na kwa sababu hiyo wavu na tanzi vilifaa. Mtoto aliyefuatana na baba yake au mjomba wake alijifunza mengi kwa safari moja: njia ya kanga kwendea maji, mti walalao usiku, upande uvumao upepo, na zaidi ya yote, namna ya kugawa kilichopatikana.

Kugawa huko ndiko kulikokuwa sheria ya kwanza ya usasi. Ushahidi mkubwa wake umo katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Humo imesimuliwa habari ya Mbega, mtu wa Ngulu, aliyenyimwa urithi na jamaa zake kwa kuwa alihesabiwa kigego. Akatoka kwao na mbwa wake, akawa msasi wa nguruwe. Alipofika Usambara aliwakuta watu wenye chakula cha mashamba lakini wasio na nyama, na nguruwe walikuwa wakiwaharibia mazao. Mbega aliwaua nguruwe, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula. Mwishowe wakampa na utawala, akaketi Vuga. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya dola ya Washambaa, aliichunguza sana hadithi hii. Iwe kweli yote au iwe ngano kwa sehemu, maana yake ni dhahiri. Mbega hakuinunua nyika ile wala hakuirithi. Haki yake ilitokana na nyama aliyoigawa. Yasemwa kwamba kanga hazai ugenini. Lakini msasi huyu alizaa ukoo wa wafalme ugenini, kwa sababu mkono wake ulikuwa wazi.

Jibu la pili lilikuja na Wadachi. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Muda si mrefu mashamba makubwa yalienea mahali palipokuwa vichaka vya kanga. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ilitolewa kwamba ardhi isiyo na mwenyewe aliyethibitishwa ni mali ya dola ya Kidachi. Mwezi Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa sheria ya usasi, akaweka vibali vya kulipiwa na sehemu zilizokatazwa kuwindwa. Haki yataka isemwe kwamba sheria ile haikuwa bila sababu: biashara ya pembe ilikuwa ikiwamaliza ndovu, na bunduki zilikuwa zimezidi. Walakini yule mkulima wa pwani, ambaye hakumaliza ndovu yeyote, alijikuta akihesabiwa mgeni katika nyika ya babu zake.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja na mazoea ya kwao. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1671 iliwazuia kuwinda watu wasio na ardhi ya kuwapatia pato kubwa, ambalo kwa mwenye milki kamili lilikuwa pauni 100 kwa mwaka; hata mwaka 1831 ndipo kibali cha kununuliwa kilipochukua mahali pa sharti hilo. Tanganyika ilipata sheria ya kuhifadhi wanyama mwaka 1921, na mwaka 1923 sheria ya ardhi ikatangaza kwamba ardhi ya nchi, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana.

Neno hilo "umma" lapasa kupimwa. Katika Marekani pia iko ardhi ya umma. Huko, katika miaka ya 1880, ndege aitwaye fezanti, jamaa ya kwale mwenye mkia mrefu, aliletwa Oregon kutoka China, akaongezeka sana. Hata leo baba na watoto hutoka kila mwaka wakati wa vuli ya huko kumwinda katika ardhi hiyo. Wao nao hulipia kibali na kufuata majira, lakini huihesabu ardhi ile kuwa yao. Katika Tanganyika ya mwaka 1923 umma haukuulizwa neno.

Uhuru ulilirudisha neno kwa wenyewe, walau katika maandishi. Septemba 1961 Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana ya kutunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1978 usasi ulipigwa marufuku nchini kote. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilithibitisha kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ikasema hivyo hivyo juu ya wanyama. Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Mkomazi mwaka 2008.

Msasi atokaye Mabawa leo hutoka katikati ya nyumba za mji. Nyika i mbali naye, kuelekea mto Umba au Handeni, na akifika huko hana budi kuwa na leseni mkononi. Hapana mwenye busara atakayetaka leseni ifutwe: watu wamekuwa wengi, vichaka vimepungua, na kanga atwaliwaye pamoja na mayai yake hawezi kudumu. Lakini hasara nayo ipo. Mtoto asiyeijua njia ya kanga hataona uchungu kichaka cha kanga kikikatwa. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa vijiji kutenga ardhi yao, kuwalinda wanyama wake na kupata sehemu ya faida. Mlango huo ni mwembamba, na vijiji vingi havijaupita. Walakini waelekea upande wa sheria ile ya kale, kwamba mwenye haki juu ya nyika ni yule anayeitunza na kugawa kitokacho humo. Mdhamini hutunza mali kwa ajili ya mwenyewe, na mwenyewe hana budi kuijua mali yake.