Shule Mbili za Sheria

Historia ya elimu ya sheria Afrika Mashariki husimuliwa ikianzia Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Kitivo cha Sheria kilifunguliwa ndani ya jengo la TANU kikiwa na wanafunzi 14 na mkuu wake, A. B. Weston. Kabla ya hapo aliyetaka uwakili alikwenda London, ambako kula chakula cha jioni ukumbini pamoja na mawakili lilikuwa mojawapo ya masharti ya kufuzu. Ndiyo, kula. Hadi Nairobi ilipoanzisha kitivo chake mwaka 1970, Dar es Salaam ilifundisha sheria kwa nchi zote tatu. Issa Shivji na Willy Mutunga walisoma hapo.

Marekani wana simulizi kama hiyo. Tapping Reeve, wakili wa Litchfield, Connecticut, alianza mwaka 1774 kwa kumfundisha shemeji yake, Aaron Burr. Wanafunzi walipoongezeka, mwaka 1784 alijenga chumba kimoja kando ya nyumba yake. Kabla yake kijana alijifunza sheria kwa kunakili hati katika ofisi ya wakili. Shule ilifungwa mwaka 1833, ikiwa imefundisha watu zaidi ya 1,000.

Ukitazama simulizi hizi kutoka Kasulu au Kibondo, zinakosa kitu. Enzi za ukoloni, Muha mwenye shauri alilipeleka kwa watwale na kwa mwami; Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaleta mahakama za mwanzo. Humo ndimo zinamosikilizwa kesi za talaka, za madeni na za mirathi ya kimila. Na humo wakili hakuruhusiwa kuingia. Mhitimu wa Mlimani angeweza kusimama Mahakama Kuu, lakini si mbele ya hakimu wa mwanzo na wazee wa baraza.

Waliozuia walikuwa na hoja, nami naikubali nusu. Mjane anayegombea shamba la migomba na shemeji zake angefanya nini dhidi ya wakili wa kukodi? Lakini hapo kila kitu kilimwangukia hakimu. Mwaka 1963 huohuo mila za makabila ya ukoo wa baba ziliandikwa kuwa kanuni, na kanuni moja ilimnyima mjane urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo: atunzwe na watoto wake. Hakimu aliyeisoma kanuni hiyo alifundishwa wapi kuihoji?

Baada ya Uhuru mahakimu wa ngazi hiyo walifundishwa Mzumbe, Morogoro, katika shule iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya serikali za mitaa. Baadaye wengine wakapitia chuo cha mahakama cha Lushoto. Tuna vitabu kuhusu mijadala ya Mlimani. Kuhusu madarasa ya Mzumbe tuna kidogo mno, ingawa hayo ndiyo yaliyofika Buha.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa. Wakili sasa anaruhusiwa mahakama ya mwanzo, mradi anayeisikiliza kesi ni hakimu mkazi. Mjane wa Kibondo amtafute, na amlipe.