Kutoka Dago la Wakojani hadi Vioo vya Danbury

Kusi ikianza kulegea, wavuvi wa Kojani, Pemba, hupakia nyavu, madumu ya maji na masufuria, wakaenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu. Wengine hushuka Tanga na Mafia. Wengine hushika njia ya kaskazini: Shimoni, Kilifi, Malindi na kuendelea. Njia hii ya pili ndiyo niliyoifuata katika ramani na vitabu, kwa sababu inapita Ngomeni, na baharini hapo yamesimama majukwaa mawili ya chuma yasiyohusiana na samaki.

Ni San Marco na Santa Rita. Yaliletwa miaka ya 1960 na Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma chini ya Profesa Luigi Broglio. San Marco lilikuwa tishari la jeshi la Marekani, na Santa Rita lilitoka katika kazi ya mafuta. Walichokifuata ni ukaribu wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Unguja nayo iliachana na mambo ya anga: kituo cha Wamarekani kilichofuatilia safari ya John Glenn mwaka 1962 kilifungwa mwaka 1964 kwa amri ya serikali ya Mapinduzi.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ndogo iliruka kutoka San Marco. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, aliiita Uhuru, maana siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala. Vifaa vyake vya kupimia viliundwa na kampuni ya American Science and Engineering ya Massachusetts, chini ya Riccardo Giacconi. Kazi yake ilikuwa kusaka eksirei zinazotoka angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, kikiwemo Cygnus X-1, ambacho wataalamu walikuja kukihesabu kuwa shimo jeusi.

Ajabu ni kwamba Uhuru haikuwa na kioo hata kimoja. Ilihesabu miale tu, bila kupiga picha. Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso humezwa humo humo. Lazima ije kwa mshazari mdogo sana, kama jiwe bapa linaloruka juu ya maji, ndipo igeuzwe njia. Kwa hiyo kioo cha eksirei hufanana na pipa lisilo na vifuniko, na ndani ya pipa moja huingizwa jingine.

Darubini ya Einstein ilirushwa na vioo vya aina hiyo mwaka 1978. Kwa darubini ya Chandra, iliyoruka Julai 1999, kazi iligawanywa. Vioo 8, mapipa manne mbele na manne nyuma, vilitokana na malighafi ya Schott ya Ujerumani. Hughes Danbury, Connecticut, waliving'arisha hadi mikwaruzo ikabaki ya kimo cha atomi chache. Kampuni ya OCLI ya California ilivipaka iridi. Kodak, Rochester, waliviunganisha. Na karakana hiyo ya Danbury, ikiitwa bado Perkin-Elmer, ndiyo iliyokosea umbo la kioo cha darubini ya Hubble, wakati kioo cha akiba cha Kodak kilikuwa sahihi! Safari hii vipimo vilirudiwa kwa njia zaidi ya moja, na vioo vikapelekwa Huntsville, Alabama, kujaribiwa kwa eksirei zenyewe.

Giacconi alipata Nobel mwaka 2002, na aliistahili. Lakini nikiutazama ushirika huu tangu Ngomeni, naona Marekani ilitoa roketi, fedha na viwanda, Italia ikatoa majukwaa na mafundi, na pwani yetu ikatoa bahari na jina. Roketi ya mwisho iliondoka hapo mwaka 1988. Wapemba waliolowea pwani hiyo ya Kenya, ambao baadhi yao walifika kwa njia ya dago, walisubiri hadi mwaka 2023 ndipo serikali ikawatambua kuwa jamii ya nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho.