Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimeifundisha methali hii darasani kwa miaka mingi, nikaitolea maana na mifano, na wanafunzi wangu wakaijibu vizuri kwenye mitihani. Lakini maana yake hasa niliijua siku moja nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, umri wangu umeshapindukia miaka 45, nami ni Mwalimu Mkuu ninayeamkiwa na mtaa mzima. Siku hiyo nitaieleza. Kwanza, ndugu msomaji, niruhusu nirudi nyuma, kwani afya ya mama ina historia yake hapa Unguja, na asiyeijua atadhani kuwa mama zetu wa leo wanaugua kwa uzembe wao wenyewe.

Nilizaliwa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Mama yangu asili yake ni Jambiani. Alipojifungua mdogo wangu wa mwisho, mimi nilikuwa na miaka 7, na nakumbuka bibi alivyowasili kutoka shamba na kuku wawili mkononi na kikapu cha muhogo kichwani. Kwa siku 40 mama hakushika sufuria wala ndoo. Mkandaji alikuja kumkanda kwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Shangazi alipika, jirani alifua, na sisi watoto tulitumwa kila pahala. Mama alikuwa na kazi mbili tu: kunyonyesha na kulala.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Wanawake wa shamba walifukia makumbi ya nazi pwani, wakayafukua yakishaoza, wakayaponda na kusokota kamba. Walisuka makuti, walichota maji visimani, walipalilia muhogo juani. Wengi walizika watoto wachanga, na wengine walikufa wao wenyewe wakati wa kujifungua kwa kukosa mkunga aliyesomea. Hayo hatuyatamani yarudi. Hata hivyo, katika taabu zote hizo mapumziko ya mama yalikuwa na jina lake na idadi yake ya siku, na walikuwapo watu waliojua kuwa ni wajibu wao kumpumzisha. Hakuyaomba wala hakuyaonea haya. Hata furaha ilikuwa na mahali pake: wanawake wa mjini walikuwa na vyama vyao vya lelemama, wakicheza na kucheka, na mwili nao ukapata haki yake.

Kisha dunia ikabadilika, na ilibadilika kwa mambo ya heri. Mwaka 1927 ilifunguliwa skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana hapa mjini. Pamoja na kusoma na kuandika, wasichana walifundishwa upishi, ushoni, usafi na malezi ya watoto. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilitangazwa elimu bure tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, na tarehe 3 Machi 1965 yakafuata matibabu bure. Nilipokwenda kusomea ualimu Chuo cha Nkrumah, Beit-el-Ras, tulikaa darasa moja na wasichana waliotushinda kwa alama. Mmoja wao ndiye mama wa watoto wangu.

Mwanamke aliingia darasani, ofisini na wodini. Lakini nani alibaki uwani? Shangazi naye aliajiriwa. Binti wa jirani alikuwa skuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kikawa cha mgao, na foleni nyingi zilikuwa za kina mama. Watu wa Ng'ambo wakaanza kuhamia majumba makubwa ya ghorofa, kama yale ya Michenzani. Tulipata sakafu ya saruji na milango ya kufunga, tukapoteza uwa ambao majirani sita walipikia pamoja. Kila jema lililokuja lilimwongezea mama kazi moja, wala halikumpunguzia hata moja.

Huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wake wengi ni wanawake. Fedha ya mwani imejenga nyumba na imesomesha watoto, na kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa vijiji vile walishika pesa yao wenyewe. Lakini nenda kawaone wakati wa bamvua, maji yakishatoka: wameinama saa nyingi ndani ya maji ya chumvi, jua mgongoni, wakifunga mbegu kwenye kamba, kisha wanabeba mwani mbichi hadi pwani. Migongo huwauma na macho huwawasha. Bahari nayo imezidi joto, na ule mwani wa bei nzuri, kotoni, hufa kwa wingi. Wakirudi nyumbani, jiko linawangoja vile vile.

Sasa nifike kwenye benchi langu. Ilikuwa mwaka 1996. Mke wangu alianguka darasani, chaki mkononi. Nilipofika hospitali daktari aliniambia kuwa presha yake imepanda sana, akaniuliza: Mwalimu, mama huyu analala saa ngapi? Anaamka saa ngapi? Mara ya mwisho alikula chakula cha mchana amekaa ni lini? Nani anamsaidia nyumbani?

Sikuwa na jibu hata moja. Mimi niliyepanga ratiba ya skuli nzima, nikahakikisha hakuna mwalimu anayefundisha vipindi vinne mfululizo bila ya kupumzika, sikujua kuwa mke wangu huamka saa 10 alfajiri na kulala saa 6 usiku, na kwamba mlo wake wa asubuhi ni chai na andazi anavyokula huku amesimama. Watu walikuwa wakimsifu kwa ustahamilivu, nami nikafurahia sifa hizo kana kwamba ni zangu.

Aliporudi nyumbani nilichukua karatasi ya daftari nikapiga mistari, kama nilivyozoea skuli. Vijana wangu wawili nikawapa kuchota maji na kufua nguo zao. Mimi nikachukua soko la Darajani na kukuna nazi. Majirani walicheka waliponiona nimekaa juu ya mbuzi. Mke wangu mwenyewe alikuwa wa kwanza kukataa, akasema nitamwaibisha mbele ya mama mkwe. Na kweli mama yangu alipokuja alinuna. Alikaa, akatutazama kwa muda, kisha akasema: "Siku zile tulikuwa sita uwani. Huyu mwenzetu yuko peke yake." Akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele.

Leo elimu ya afya imeenea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Nasi tunapenda ng'onda na achari! Hesabu yake ni nyepesi: dakika 30 kwa siku 5. Alfajiri nawaona kina mama wakitembea kwa miguu Mnazi Mmoja, na moyo wangu hufurahi. Lakini kila nikiwaona huuliza: dakika hizo 30, nani amebaki na watoto? Nani amewasha jiko? Pasipo jibu, ushauri wote huo huwa ni kazi nyengine juu ya kazi zake.

Kwa hiyo wosia wangu si kwa kina mama; wao wameshawosiwa vya kutosha. Ni kwa waume, kwa vijana wa kiume na kwa mama wakwe. Uwa wa zamani haurudi, lakini watu wake wanaweza kurudi. Muulize mama aliye nyumbani kwako yale maswali manne ya daktari. Ukishindwa kuyajibu, chukua ndoo.

Mke wangu yu hai, namshukuru Mungu. Dawa zake anakunywa kila siku, na jioni hutembea hadi Forodhani na kurudi. Nazi bado nakuna mimi.