Sumaku Isiyovuta Hata Sindano

Wengi wetu tuliijua sumaku utotoni, kwa kuichokoa kutoka spika ya redio iliyokufa na kuiburura mchangani mpaka ikaota ndevu za vumbi la chuma. Baadaye, tulipokuja nchi za watu kusomea uhandisi, tukafundishwa nyaya za shaba, mota na transfoma, tukadhani sumaku tumeimaliza. Kumbe palikuwa na mabishano makubwa juu ya sumaku ambayo haivuti kitu, nasi hatukusimuliwa. Tumeona tuyalete hapa, maana yana funzo kwetu tunaopenda kukata shauri kwa kuangalia nani kasema badala ya nini kimeonekana.

Tuanze na mzizi. Niels Bohr, katika tasnifu yake ya Copenhagen ya mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen, katika yake ya Leiden ya mwaka 1919, walionyesha kwa hesabu kwamba fizikia ya kale haiwezi kueleza sumaku hata kidogo. Kwa kanuni zile, chuma kilichotulia kisingekuwa na usumaku wowote. Jibu lilikuja na fizikia ya kwanta. Mwaka 1928 Werner Heisenberg alieleza kwamba elektroni za atomu jirani, kila moja ikiwa kama kisumaku kidogo, huathiriana kwa kanuni za kwanta, na athari hiyo ndiyo inayovielekeza visumaku upande mmoja.

Je, athari ikigeuka, kila jirani akataka kumpa mwenzake mgongo? Swali hilo lilimshughulisha Louis Néel, Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1904 na kufanya kazi Strasbourg chini ya Pierre Weiss. Kati ya mwaka 1932 na 1936 alitoa rai kwamba visumaku hivyo hujipanga kwa zamu, kama watu waliosimama mstari mmoja, huyu akitazama kaskazini, wa pili kusini, wa tatu tena kaskazini. Kila nguvu inafutwa na ya jirani. Ndani mna mpango kamili, lakini nje hakitoki kitu; hata sindano haivutwi. Joto likipita kiwango fulani, mpango unavunjika.

Wananadharia hawakuridhika. Lev Landau, ambaye mwenyewe aliandika mwaka 1933 juu ya mpangilio wa kupokezana, alikuwa miongoni mwa wenye shaka. Hoja yao ilikuwa nzito. Kwa kanuni za kwanta, majirani wanaopeana mgongo hawatulii. Hubadilishana nafasi bila kukoma, wa kaskazini akawa wa kusini. Kwa hiyo picha ya Néel ingeyeyuka. Tena mwaka 1931 Hans Bethe alikuwa amepata ufumbuzi kamili wa visumaku vilivyofungwa katika mnyororo mmoja, na ikaja kufahamika kwamba katika mnyororo wa namna hiyo mpango wa Néel haudumu hata kwenye baridi kali kupita zote.

Nani aamue? Eksirei za kawaida hazikufaa, kwa kuwa huona atomu ilipo lakini si upande kisumaku chake kinakotazama. Chembe iliyofaa ni nyutroni, isiyo na chaji lakini yenye usumaku wake. Nyutroni nyingi zilipatikana katika kinu cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee, kilichowashwa mwaka 1943 katika mradi wa bomu la atomu. Vita vilipokwisha, Ernest Wollan na Clifford Shull wakakitumia kuchunguza fuwele. Mwaka 1949 Shull na Samuel Smart walitangaza walichokiona katika oksidi ya manganizi. Katika baridi ya nyuzi 193 chini ya sifuri vilijitokeza vilele vya ziada, dalili kwamba mpango wa visumaku hujirudia kila baada ya umbali mara mbili ya ule wa atomu. Katika joto la chumbani vilele hivyo havikuwapo. Mwenye macho haambiwi tazama: Néel alikuwa sahihi.

Hata hivyo, wenye shaka hawakuwa wajinga. Mwaka 1952 Philip Anderson alionyesha kwamba katika kitu kigumu chenye urefu, upana na kina, mtikisiko wa kwanta upo kweli, ila hupunguza mpango bila kuubomoa. Kwenye mnyororo mwembamba ndiko unakoshinda. Kila upande ulishika kipande cha kweli.

Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Shull aliipata mwaka 1994, pamoja na Bertram Brockhouse wa Kanada. Wollan, aliyeianza kazi ile, alikuwa amefariki mwaka 1984, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Hadithi haikuishia hapo. Katika hotuba yake ya Nobel, Néel alisema kwamba vitu hivi vinavutia kinadharia lakini havielekei kuwa na matumizi. Tangu mwaka 1956, hata hivyo, ilijulikana kwamba vikigandishwa na sumaku ya kawaida huishikilia isigeuke. Ufundi huo ukaingia katika vichwa vya kusomea diski za kompyuta mwaka 1997, Néel mwenyewe akiwa hai. Alifariki mwaka 2000. Picha ngapi za harusi za nyumbani tumezitunza kwenye diski hizo!

Na huko Grenoble, mji ambako Néel alijenga maabara yake, Duncan Haldane aliandika mwaka 1981 kwamba minyororo hii ina tabia mbili tofauti, kutegemea aina ya kisumaku cha atomu. Makala yake ilikataliwa. Hoja ikachapishwa mwaka 1983. Mwaka 1986 nyutroni za Chalk River, Kanada, zikamuunga mkono, na mwaka 2016 akapata Nobel pamoja na wenzake wawili.

Sisi wahandisi tumezoea kuuliza kwanza, "Kina faida gani?" Sumaku isiyovuta sindano imetufundisha kuuliza kwanza kama jambo ni kweli, kisha kuipa faida muda wake.